Mchicha wangu wa Minnesota

Shosti wangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mvua inasikika kabisa kwenye bati nikajua huko masika imekolea. Huku na sisi ndo springi imeingia, ila usiifikirie kama masika, theluji imeyeyuka juzi juzi tu na usiku bado kunaweza kuganda mpaka katikati ya Mei.

Na hapo ndo nilipoumia mwaka jana. Mwanzoni mwa Mei jua likawaka wiki nzima, mi huyo mbio bustanini nikamwaga mbegu za mchicha tuta zima, ukaota vizuri mpaka nikakupigia picha unakumbuka, halafu asubuhi moja naenda naukuta umelala chini wote mweusi kama umemwagiwa maji ya moto. Barafu ya usiku mmoja tu. Nililia shosti, maana nilikuwa nimeshaupikia kichwani, na tui lake na dagaa pembeni.

Sasa kuna mama mmoja Mkenya tumepakana naye viwanja pale bustanini, ndo akanifungua macho. Akaniambia mwanangu, mchicha na kunde na bamia ni watoto wa joto, waache mpaka udongo wenyewe upate moto, anza na sukuma wiki, hiyo haiogopi baridi na ikipigwa na baridi ndo inazidi kuwa tamu. Basi mwaka huu nimemsikiliza. Aprili nimepanda sukuma, spinachi, njegere na figili, mchicha nimeuweka mpaka mwisho wa Mei, na kila nikienda naweka kiganja kwenye udongo, ukiwa bado unanishtua kwa ubaridi naondoka zangu.

Uliniuliza jioni tunakula nini, nacheka maana jana tumekula majani ya figili. Figili zenyewe mwezi haupiti ziko tayari, watu huku majani wanatupa, mimi nayakata kata, nakaanga kitunguu, nayatia yanywee kidogo, halafu karanga za kusaga na tui la kopo, chumvi, pilipili moja nzima bila kuipasua, dakika kumi nimeepua. Nyanya siweki, za dukani wakati huu hazina ladha kabisa, nasubiri za kwangu Agosti. Ugali wa unga mweupe wa duka la Waafrika, figili zenyewe mbichi na ndimu pembeni, watoto walisafisha sahani. Na ile spinachi ninayoipunguza ili miche mingine ipate nafasi siitupi, inaingia kwenye mayai.

Halafu zile mbegu ulizosema utanitumia kwenye bahasha, usitume mpenzi. Mbegu kuingia Marekani zinataka cheti cha afya ya mimea, zikikamatwa posta ndo basi tena na hela yako imeenda. Mchicha nimeupata hapa hapa, Wajamaika wanauita callaloo.

Ila niulizie kwa mama yako kitu kimoja, yale majani ya kunde anayoyakausha, anayachemsha kwanza ndo anaanika au anaanika mabichi, na juani au kivulini? Nataka nipande kunde nyingi Juni hii nikaushe za kutosha, Januari huku ardhi ni jiwe. Mwambie namsalimia sana, shikamoo yake.

Nakupenda, jibu haraka.