Potwe wa Mafia ana heshima yake, pomboo wa Kizimkazi kakosa nini?

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi si mtu wa kuandika barua za gazeti, huwa nasoma tu ukurasa huu dukani kwangu wateja wakiwa hawapo, ila hili jambo limenikaa rohoni tangu turudi likizo ya Desemba na baba watoto kachoka kunisikiliza, jana akaniambia si uwaandikie watu wa gazeti nami nilale. Haya nimeandika.

Sisi wa Dodoma bahari kwetu ni kama shangazi wa mbali, unaenda kumsalimia ukiwa na nauli. Mwaka juzi tulijichanga tukaenda Mafia, tukapandia boti Nyamisati mpaka Kilindoni, nusu yetu tunatapika. Wanangu walishajazwa shuleni kwamba huko kuna papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, na kweli papa potwe ndo samaki mkubwa kuliko wote, kwa hiyo kitinda mimba wangu alifika ufukweni akagoma hata kuvua viatu. Kijana aliyetuongoza alitukalisha wote mchangani, akachukua kijiti akamchora potwe. Hapa kichwa, hapa mkia, wewe unakaa hapa, mita tatu, hakuna kumgusa, hakuna kumkatia mbele, hakuna kuruka kwa kishindo, anayebisha anabaki na viatu vyenu. Alafu akamweleza mtoto kwamba huyu papa hali watu, anachuja vidudu vya baharini na vidagaa vidogovidogo, kooni kwake mtu hapiti.

Tulivyofika mashine ikazimwa mbali, tukateremka polepole kwa nyuma ya boti. Niliweka uso majini nikawa naona ukijani tu na vitu kama unga unaelea, nikasema hela yangu imeliwa, mara ukatokea mdomo. Mpana kama dirisha la duka langu, uko wazi, hauna habari na mtu. Alafu mwili ukaanza kupita na haukuisha, yaani yule kiumbe ni mrefu kuliko Hiace, mgongo mzima madoa meupe, na kijana alituambia kila potwe ana madoa yake kama vile mtu na alama za vidole. Mwisho ukapita mkia, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mtu anafagia uwanja. Kitinda mimba akiwa juu ya boti anapiga makofi. Ndo nilijua papa.

Sasa Desemba hii tukaamua Unguja, Kizimkazi, kijiji cha Rais Samia, tukaone pomboo. Msikiti wa kale wa Dimbani tuliuona pia, una maandishi ya mwaka 1107, uzuri wake ni barua nyingine. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tuko kwenye boti ya faiba na wageni wengine wanne. Hakuna kijiti, hakuna mchanga, hakuna maelezo, tumegawiwa miwani ya kuzamia na maboya tukaambiwa twende. Mi kuona pezi la kwanza nikapiga ukelele "Papa!" nahodha akacheka, "Papa wapi mama, pomboo huyo." Na kweli binti yangu wa darasa la tano ndo alinionyesha tofauti, pomboo mkia wake umelala, anaupiga juu chini, wa papa umesimama. Na anapumua, ukiwa karibu unasikia fuuu! kama mtu katua ndoo ya maji kichwani.

Raha ile haikumaliza dakika kumi. Boti zikaanza kutokea kila upande, nilihesabu kumi na nne nikaacha, na pomboo wenyewe hawazidi nane. Wakiibuka huku mashine zote zinaungurumia huku, wakizama wakatokea kule basi mbio kule, moshi wa petroli umetanda mpaka mwanangu anakohoa, na kila nahodha anapiga kelele "Ruka! Ruka! Ruka sasa!" watu wanajitupa mbele ya wanyama kama magunia ya mkaa. Mzungu mmoja alimwangukia mwenzake badala ya pomboo. Katikati ya zahma hiyo kulikuwa na mama na mtoto wake, kadogo kamebana ubavuni kabisa, mama akizama kanazama, akiibuka kanaibuka, na kila wakiibuka boti iko juu yao. Binti akaniuliza, "Mama, huyu mtoto ananyonya saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Na niseme ukweli Mhariri, isije ikaonekana nawasema wengine, maana robo saa kabla ya hapo ni mimi mwenyewe nilimwambia nahodha ongeza moto kaka, hatujatoka Dodoma kuja kuangalia maji. Yeye akaongeza. Tulivyorudi nikamuuliza taratibu kwa nini wanawafukuza vile, akanijibu bila hasira, "Mama, nikirudi bila pomboo mgeni anataka hela yake, na mwenye boti anataka yake, mimi nitawapa nini?"

Pwani tukamkuta mzee mmoja kivulini anashona nyavu, tukamwamkia, akatuambia kitu ambacho sikuwa nakijua. "Zamani siye huyu pomboo tukimvua, nyama yake tukitia kwenye ndoana chambo cha papa." Yaani pomboo alikuwa chambo! Ini la papa likitolewa sifa, yaani mafuta yake, ya kupaka ngarawa zisioze, nyama ikikaushwa na chumvi. Miaka ya 90 mwanzoni ndo watalii wakaanza kuja kwa wingi kumtazama, watu wakaona akiwa hai analipa siku nyingi na akiwa chambo analipa mara moja. "Na papa?" mume wangu akauliza. Mzee akaonyesha kwa mkono, kiwiko mpaka vidole, "Siku hizi akija ni hivi." Na pembeni kwenye beseni walikuwepo wawili wa kipimo hichohicho, macho wazi, ngozi kama msasa. Mchana hotelini tukaletewa wali na mchuzi wa papa, na mi nilikula, mtamu kweli.

Kwa hiyo siandiki ili boti za Kizimkazi zifungiwe, la hasha, yule nahodha ana watoto kama mimi na afadhali boti kuliko ndoana. Lakini ghuba ile ya Menai, ndo bahari ya hapo Kizimkazi, ni eneo la hifadhi tangu 1997, sasa hifadhi gani hii ambayo mnyama anayenyonyesha anazingirwa na mashine kumi na nne kabla hata ya chai? Kwa nini Mafia niliweza kukaa mchangani nikafundishwa adabu na kijiti, na Kizimkazi haiwezekani? Wakubwa wanaohusika waseme boti ngapi kwa kundi moja, nyingine zisubiri zamu, mashine izimwe mbali, na hiyo ruka ruka ife. Na zaidi, mteja aambiwe kabla hajatoa hela kwamba pomboo hawafugwi, wanaweza kuonekana na wanaweza wasionekane, na hela ya boti ni hela ya boti. Mabango ya "pomboo uhakika" niliyoyaona ndo yanamfanya nahodha awe mwendawazimu. Ningeambiwa hivo nisingekasirika, ningekaa nikatazama bahari, na ningepunguza mdomo wangu pia.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Mtume mwandishi wenu mmoja, asiseme anatoka gazetini, alale Kizimkazi, saa moja asubuhi apande boti na daftari ahesabu. Akimuona yule mama na mwanawe aniandikie hapa hapa ukurasani, kuna mtoto Dodoma bado anauliza.

Mama wa watoto watatu,
Dodoma