Shukran kaka wa tuktuk

Jamani hili lazima niliseme, juzi stima ilipotea tangu asubuhi, pampu ya hewa ikazima na perege wetu wa darasani, wale tunaofunzia watoto kutunza mito, wakawa juu juu wanahema. Mie nishashika ndoo ya maji ya mfereji niwamwagie, huyu kaka alokuwa kaleta vitabu akanizuia, yana klorini hayo mwalimu, utawamaliza. Akachukua kopo, akachota maji ya humo humo kwenye tangi la samaki na kuyamwaga tena kutoka juu yaingie hewa, watoto wakapokezana, kisha akakimbia kwake Kongowea kuleta madumu mawili ya maji yalolala wazi tangu jana, klorini ishapungua. Nauli kakataa. Kafa mmoja tu. Kaka, jina sikukuuliza (aibu yangu), ukipita ingia, kuna perege anaitwa Tuktuk sasa.