Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: dada zetu nao wana damu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote unazostahili, nakuandikia nikiwa nimechoka kusubiri. Juma lililopita kaka yangu aliingizwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali moja huku Arua, Uganda, baada ya ajali ya bodaboda, nasi tukaambiwa tulete watoaji damu. Shemeji yangu na dada zetu walikuwa wamekwisha kunja mikono ya gauni mhudumu alipowarudisha kwenye benchi, akidai kwamba damu ya mwanamke aliyezaa humdhuru mgonjwa mahututi. Usiku huo tukawa tunaomba wanaume kwenye paki ya teksi.

Nahisi mhudumu alichanganya mambo. Ni kweli kwamba mwanamke aliyewahi kubeba mimba anaweza kuwa na kingamwili za kuumiza mapafu ya mpokeaji, lakini hizo zimo katika plazma, yaani sehemu ya majimaji ya damu, na ndiyo sababu Uingereza ilianza kupendelea plazma ya wanaume mwaka 2003. Ni kweli pia kwamba mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi waliripoti vifo zaidi miongoni mwa wanaume waliopewa chembe nyekundu za wanawake waliowahi kuwa na mimba. Hofu hiyo ikapimwa Kanada: wagonjwa 8,719 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa chembe nyekundu za wanaume na wengine za wanawake, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana katika kuishi kwao. Kaka yangu alihitaji chembe nyekundu.

Mabango yanatuhimiza sote, wake kwa waume, tujitokeze. Labda mchoraji hakupewa taarifa. Mwanamke tayari huzuiwa kutoa akiwa mjamzito, akinyonyesha au akipungukiwa damu, na benki zetu hutegemea mno wanafunzi, hata likizo ikifika majokofu hukauka. Katika hali hiyo, nani ametupa jeuri ya kuchagua? Serikali hutukumbusha kwamba damu haiuzwi. Tunashukuru, ila kwa mgonjwa, isiyouzwa na isiyokuwapo ni mamoja.

Ninaomba waraka, Mheshimiwa. Kamati na semina mtatuwekea baadaye. Waraka mmoja kwa kila hospitali, wa umma na wa binafsi, useme wazi kwamba mwanamke aliyetimiza masharti ya afya asikataliwe kwa sababu ya jinsia yake. Waraka tu, na utoke kabla shule hazijafungwa.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi, Arua