Hamu imepungua, sawa, ila inamkera nani?

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa kooni muda sasa. Nikifungua kurasa za afya, siyo za gazeti lako tu, mwanamke akitajwa habari za hamu ya tendo la ndoa basi ama anafundishwa namna ya kumridhisha mume asichepuke ama anatangaziwa matone, asali iliyochanganywa na chai ya sijui nini. Na siku hizi imeingia lugha mpya, "dada homoni zako hazijabalansi", unatuma meseji unatajiwa bei na boda anakuletea mlangoni.

Mi ni nesi mstaafu, nimekaa kliniki ya kina mama miaka mingi, wapo waliokuja wenyewe na wapo walioletwa. Baba anatangulia kukaa, "nesi, huyu mwenzangu siku hizi kazimika kabisa, mchome hata sindano", mama kimya anakunja na kukunjua pindo la kanga. Ukimwomba baba asubiri nje ndo unasikia yenyewe. Huyu ana kichanga na hajalala usingizi wa maana tangu ajifungue, yule anaumia kila wakikutana maana kumekauka toka hedhi ikome, mwingine ananiambia wala mi sijambo nesi, hamu ninayo, ila siyo kwake. Sasa huyo umchome homoni gani jamani?

Wataalamu wenyewe wameweka sharti ambalo sijaliona likiandikwa kwenye matangazo hayo: kupungua hamu kunahesabiwa tatizo la kutibiwa pale kunapomkera mwanamke mwenyewe. Asipokereka hakuna ugonjwa hapo, hata mume anune mpaka Idi.

Ila nisieleweke kwamba homoni ni uongo, hapana. Homoni iitwayo testosteroni inasaidia baadhi ya kina mama, na siyo ya wanaume peke yao kama watu wanavyodhani, mwanamke naye anaitengeneza, kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai, na kwenye tezi zilizo juu ya figo, kidogo tu. Mwaka 2019 vyama vya madaktari vya kimataifa vilitoa tamko la pamoja kwamba sababu moja tu yenye ushahidi ya kumpa mwanamke dawa hii ni kupungukiwa hamu kwa kiwango cha kumsumbua baada ya hedhi kukoma. Siyo uchovu, siyo kunyoosha ngozi, siyo kurudisha usichana. Na kipimo cha damu hakikuambii nani ana tatizo, kinapimwa ili dozi isipitilize, kwa hiyo anayekuuzia "kipimo cha hamu" anakula hela yako.

Inasaidia kiasi gani? Majaribio 36 yenye wanawake zaidi ya 8,000 yalipokusanywa pamoja, kwa waliokoma hedhi ongezeko lilikuwa wastani wa kama mara moja zaidi kwa mwezi ya tendo la kuridhisha. Mara moja. Kuna watu watacheka, lakini kwa mama aliyekuwa analia kwa hilo siyo haba. Na miezi 6 ikipita bila mabadiliko, unaacha.

Balaa liko kwenye dozi, maana dawa iliyopimwa kwa ajili ya mwanamke ni adimu. Wanaume wana Viagra toka 1998, sisi Intrinsa, plasta ya testosteroni ya kubandika kwenye ngozi, iliruhusiwa Ulaya 2006 na 2012 ikatolewa sokoni, Australia wakasajili krimu ya wanawake 2020. Uingereza madaktari kwa miaka wamekuwa wakiwaandikia kina mama jeli ya testosteroni ya wanaume, pakiti anayoimaliza mwanaume kwa siku moja mwanamke anaambiwa aigawe siku 8 hivi, abane pakiti kwa klipu aiweke. Sasa fikiria mtu anachomwa sindano ya dozi ya kiume uchochoroni, au anatumia kichupa kisicho na lebo. Chunusi zitakuja, ndevu zitakuja, hizo utanyoa, lakini sauti ikishashuka inaweza isirudi tena.

Na kabla ya kufika huko kuna vitu vya kuangalia ambavyo wengi wanaviruka. Dawa za sonona zinaweza kuua hamu, thairoidi, ile tezi ya shingoni, ikilegea pia, na ule ukavu una dawa yake, homoni ya estrojeni ya kuweka ukeni, dozi ndogo, haihusiani kabisa na testosteroni. Nimeona mama anaambiwa na kungwi wake "jikaze mwanangu, ndo ndoa hiyo", akajikaza na maumivu miaka na miaka, halafu watu wanashangaa hamu imekwenda wapi.

Ombi langu Mhariri, tangazo lolote la homoni likija mezani kwako uliza kwanza ndani kuna nini na ni miligramu ngapi, wakishindwa kujibu msilichape. Na mkimpata daktari wa kujibu maswali ya kina mama, mpeni nafasi ya kutosha na aanze na hao wanaoumia, ndo wengi.

Nesi mstaafu,
Tanga