Mkama Ndume kaanzia kulia

Assalaam aleikum shoga yangu,

Vipi hali, watoto hawajambo, mguu wa mamkubwa je? Sie huku alhamdulillah, mvua tu. Najua nimekaa kimya tokea Idi, utanilaumu baadae, leo nina shida.

Wazikumbuka zile katuni za ukutani za kwenye semina, maboksi manne, mawili kila karatasi ya A4 halafu wazigundisha unapata bango? Basi nimewapa darasa la tano badala ya insha, wamchore Mkama Ndume, yule mtawala wa zamani wa huku Pemba, maana tokea tuwapeleke kwenye magofu yake Pujini hawana hadithi nyengine, vile alivyokuwa akiwabebesha watu mawe huku wajikokota kwa matako. Yule kijana wangu wa nyuma, wa insha ya mistari miwili, ndo kamaliza wa mwanzo! Nasoma sielewi, boksi la mwanzo ukuta ushakwisha kujengwa, la mwisho watu ndo kwanza wakamatwa. Nishatoa kalamu nyekundu, mwenzake ananambia "Ticha, anzia huku!" Kumbe kaanzia kulia, kama juzuu. Asubuhi skuli jioni chuoni kusoma Kurani, atafanyaje. Nikamwambia mbona hata Wajapani katuni zao zaanzia kulia, akanitazama, "Kwani nao wenda chuoni?" Nilicheka mpaka nikakaa.

Halafu boksi la tatu, kizee kapakata jiwe ajikokota, kwenye kiputo kaandika "Bwana wangu, kikoi kishatoboka." Maneno manne tu shoga, lakini mwaka mzima sijapata sentensi yenye uhai kama ile kwa mtoto yule.

Sasa balaa ni Mkama Ndume mwenyewe. Kamtia kitambi, bakora, na kofia imelalia sikio. Mwalimu mkuu kapita, kasimama, kaangaliaaa, hakusema neno. Mchana naitwa, katuni zote zibanduliwe, ati wageni wa wizara waja Jumatatu na ukutani patakiwa chati za maana. Nimeapa mtoto hakumkusudia. (Kofia ni ya mkuu lakini, tusidanganyane.) Hata ile ya kipindupindu imebanduliwa, ile ina kosa gani?

Nataka nirudi kwa mkuu na ushahidi kama watu wazima nao husoma picha. Zile Sani zako za zamani, magazeti ya katuni ulizokuwa ukificha chini ya godoro bado unazo? Ukipata mtu wa boti ya Mkoani nipatie mbili tatu, ila uchague za heshima, usinimalize.

Na wewe hapo Mjini washawahi kukukataza? Zako hubandika ndani au nje? Na huyu kijana nimuache na kulia kwake au nimgeuze? Naogopa nikimgeuza atanyamaza tena. Kombo je, kesharudi?

Kila asubuhi kijana wangu aniuliza bango lake liko wapi. Nimemwambia lilibanduka, nalikaushia gundi. Leo siku ya tatu gundi yakauka.

Mie shogayo