Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu wazazi na walezi,

Ijumaa tunafunga shule tukiwa na kombe. Wasichana wetu wa mpira wa mikono ndio mabingwa wa kata katika UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na wanne wameitwa timu ya wilaya. Fainali waliicheza peku, uwanja una kokoto, wakashinda 9 kwa 4. Kombe nimeliweka dirishani kwangu makusudi, anayepita alione.

Ripoti zipo kwa walimu wa madarasa. Mahindi na maharage: wanaodaiwa mnajijua.

Sasa macho. Mnakumbuka Januari 2024 Dar es Salaam ilivyojaa macho mekundu; mwezi uliopita ikawa zamu yetu. Kwenye kikao tuliomba mtoto akiamka kope zimegandana kwa tongotongo, abaki nyumbani. Bado mlituletea, mmoja amevalishwa miwani ya baba yake! Mengi ya macho haya huletwa na virusi, hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili, na antibayotiki haiyasaidii. Msafishe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kitambaa chake, taulo asichangie na mtu. Usaha mzito wa njano, zahanati. Maumivu makali, kukimbia mwanga au kuona ukungu, zahanati siku hiyohiyo. Chai ya rangi, mate, maziwa ya mama na maji ya tumbaku havitiwi jichoni, wala chupa ya matone iliyobaki kwa jirani.

Lililonichoma ni vijana watano wa darasa la sita. Waliona wenye macho mekundu wanarudishwa nyumbani, basi asubuhi ya jaribio la hisabati wakajipaka pilipili. Mwalimu wa afya hakuchukua muda: tongotongo hakuna, wote wameanza saa moja ileile, na vidole vinanuka pilipili. Tuliwasuuza kwa maji ya bomba robo saa nzima, shule nzima ikisikia vilio. Mmoja alijifikicha hadi akachubua jicho, akalala na maumivu. Jaribio wamelifanya Jumatatu, wote watano.

Wazazi wanne walikuja, tukaelewana. Wa tano alinitumia ujumbe kwamba namwonea mtoto. Mzazi huyo namsubiri siku ya kufungua, saa moja na nusu, yeye na kijana wake. Asimtume shangazi.

Jezi zirudishwe zimefuliwa.

Mwalimu Mkuu