Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Pamoja na Maelezo Kuhusu Kuahirishwa kwa Kikao cha Bodi

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazifahamu, nazipitia kwa haraka. Rambirambi zimetolewa kwa wafiwa wote walioripotiwa na matawi. Maturubai na viti vimeongezwa. Hesabu zimekaguliwa, na taarifa za mwaka zimefika kwa Msajili wa Jumuiya kwa wakati; hilo nililisimamia mwenyewe mpaka stakabadhi ikatoka. Ada: wanachama 214, kila mmoja shilingi 60,000 kwa mwaka, matarajio 12,840,000, makusanyo 7,920,000, malimbikizo 4,920,000.

Sasa nije kwenye kikao cha bodi cha Septemba, ambacho kimejadiliwa zaidi vibarazani kuliko ndani ya vikao.

Ibara ya 14 ya katiba yetu inasema bodi itakutana kila baada ya miezi mitatu, na Katibu, kwa kushauriana na Mwenyekiti, ataitisha kikao kwa taarifa ya maandishi isiyopungua siku 7. Akidi ni zaidi ya nusu ya wajumbe, yaani 5 kati ya 9. Kuhusu kusogeza kikao ambacho tayari kimeitishwa, katiba iko kimya.

Kikao kilikuwa kimeitishwa Jumamosi, saa 4 asubuhi. Alhamisi usiku ujumbe wa Katibu ukaingia kwenye kundi la WhatsApp la bodi: kikao kimesogezwa hadi Jumatano jioni. Jumamosi tulifika wajumbe 4. Jumatano wakakutana 5, na chini ya "mengineyo" wakapitisha kubadilisha watia saini wa akaunti ya benki. Nilikataa kutia saini muhtasari huo na nikaiandikia benki isibadilishe chochote. Huo ndio uamuzi unaolalamikiwa. Ningeombwa kuuamua tena leo, ningeamua vilevile.

Wanaonipinga wanasema: Katibu ndiye anayeitisha, basi ndiye anayeahirisha. Haiko hivyo. Taarifa ikishatoka kihalali, kikao ni cha wajumbe wote waliopewa taarifa, si cha aliyeiandika. Mwanachama wetu ambaye ni wakili alinionyesha kesi ya Uingereza ya mwaka 1906, Smith dhidi ya Paringa Mines. Wakurugenzi waliahirisha mkutano uliokwisha kuitishwa. Mahakama ikasema, kama katiba ya kampuni haikuwapa mamlaka hayo kwa maneno ya wazi, hawana. Ni kweli kesi ile ilihusu mkutano mkuu wa kampuni, si kikao cha bodi ya chama kama chetu. Lakini sababu yake inatuhusu moja kwa moja: anayeweza kusogeza kikao peke yake anaweza pia kuchagua siku ambayo wapinzani wake hawapo.

Wengine wanadai ninajitwalia mamlaka. Mwenyekiti naye hana mamlaka hayo, na sijawahi kuyadai. Hata akiwa amekalia kiti, mkutano ukiendelea, hawezi kuahirisha anavyopenda. Katika kesi ya Byng dhidi ya London Life, ukumbi wa Barbican ulikuwa mdogo kwa waliofika, mwenyekiti akauhamishia mkutano Café Royal mchana uleule, na Mahakama ya Rufani ikaubatilisha uamuzi huo kwa kuwa hakuwafikiria ipasavyo wale ambao wasingeweza kwenda huko. Nia yake ilikuwa njema, na bado haikutosha.

Hoja ya tatu ni kwamba Jumatano akidi ilitimia. Akidi haiponyi wito mbovu. Akidi inahesabu waliofika; wito unalinda haki ya ambao hawakufika. Kutoka Alhamisi usiku hadi Jumatano jioni hazifiki siku 7. Na msiseme kasoro ilikuwa WhatsApp, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi. Kasoro zilikuwa tatu: aliyesogeza hakuwa na mamlaka, siku hazikutosha, na ajenda haikutaja watia saini. Jambo linalogusa fedha za wanachama halipitishwi chini ya mengineyo. Kama wajumbe wote 9 wangejibu kwa maandishi kwamba wanaridhia siku mpya, nisingekuwa na neno. Walijibu 5, tena baadhi kwa alama ya dole gumba tu.

Tulichofanya Jumamosi ndicho kinachopaswa kufanywa kila mara akidi isipotimia. Tulifungua kikao kwa saa iliyotajwa, tukaandika waliohudhuria na waliotoa udhuru, tukasubiri dakika 30, tukawapigia simu ambao hawajafika. Akidi ilipokosekana hatukugusa ajenda hata moja. Tuliazimia tu kuahirisha hadi Jumamosi ya pili iliyofuata, saa ileile, mahali palepale, na azimio likaandikwa. Kisha taarifa mpya ikapelekwa kwa wajumbe wote 9, suala la watia saini likiwa ajenda inayojitegemea. Walifika 8. Pendekezo likajadiliwa na likapita, likiwa na sharti jipya kwamba Mweka Hazina lazima awe mmoja wa watia saini. Benki ikapokea muhtasari usio na doa. Anayesema nililipinga pendekezo lenyewe asome muhtasari huo, uko ofisini.

Hata hivyo ukimya wa katiba hauwezi kuachwa hivi, kwa sababu dharura zipo: msiba wa mjumbe, mafuriko, ukumbi kufungwa. Naleta kwenu ibara ndogo ya 14(5): "Kikao kilichoitishwa kinaweza kusogezwa kabla ya kuanza kwa ridhaa ya maandishi ya theluthi mbili ya wajumbe wote. Wajumbe wote wataarifiwa siku mpya si chini ya saa 48 kabla ya muda wa awali. Siku mpya itakuwa ndani ya siku 21. Na ajenda haitaongezwa." Theluthi mbili ya 9 ni 6. Nimekataa wazo la kumpa Mwenyekiti na Katibu mamlaka hayo wakiwa wawili, kwa sababu siku wakielewana vizuri mno hakuna atakayewazuia. Badiliko linahitaji theluthi mbili ya kura zenu, kisha lipelekwe kwa Msajili.

Hapo ndipo mahudhurio yanaponiumiza. Akidi ya Mkutano Mkuu ni wanachama 108, na mwaka jana tulianza kwa kuchelewa saa 2 tukiwasubiri watu waliokuwa nje ya geti wakizungumza. Wengi wanaonilaumu kwamba nimeminya demokrasia hawajaonekana mkutanoni, na baadhi yao wamo ndani ya zile 4,920,000. Mwenye malimbikizo hana kura. Katiba inasema hivyo, si mimi.

Kuhusu mipango, tunatarajia kuendelea kutafuta kiwanja cha ukumbi wetu na, hali ikiruhusu, kuanzisha mfuko wa elimu.

Mweka Hazina atakaa mlangoni kuanzia saa 2 asubuhi na kitabu cha stakabadhi. Kadi za kura zitatolewa hadi saa 4 kamili, kisha hoja ya Ibara ya 14 itafunguliwa kabla ya ajenda nyingine yoyote.

Mwenyekiti